Mbegu Kabla ya Bomba

Bina Lweendo hakupiga dawa ya magugu shambani kwa mtu bila kurusha jivu kwanza.

Jivu alilibeba kwenye kopo la maziwa, limefunikwa kitambaa, likining'inia kiunoni pamoja na ufunguo wa ghala. Akifika ukingoni mwa shamba anachota kwa vidole vitatu, anarusha juu, anatazama. Likishuka pale pale miguuni, anafunga vifungo vya koti na kuvuta barakoa. Likienda upande, anaketi. Aliweza kuketi hivyo mpaka jua likafika utosini, kisha akarudi nyumbani na bomba lake la mgongoni likiwa kavu.

"Lakini mama, upepo wenyewe huu hautoshi hata kupoza uji," watu walimwambia.

"Basi kapozeni uji wenu. Mimi nasubiri."

Kijiji cha Haanzala kilimzoea, ingawa hakikumpenda siku za kusubiri.

Kazi ile ilimjia kwa njia ya ng'ombe. Mumewe, Bashi Lweendo, yaani baba wa Lweendo kama yeye alivyokuwa Bina, mama yake, alibanwa na fahali kwenye nguzo ya zizi, na tangu siku ile mkono wake wa kulia haukupanda kupita sikio. Bwana shamba alipokuja kuchagua watu saba wa kufundishwa kupiga dawa, jina la Bashi Lweendo lilikuwa kwenye karatasi. Alikwenda. Akajaribu kulipandisha bomba mgongoni. Akalishusha.

"Mke wangu ataliweza," akasema, akarudi nyumbani kumwita.

Wakawa wanaume sita na Bina Lweendo. Siku tatu walitembea uwanjani shuleni na maji matupu kwenye bomba, wakihesabu hatua, huku bwana shamba akitazama alama ya unyevu kila mmoja aliyoiacha ardhini. Ya Bina Lweendo ilinyooka kama mshono wa cherehani. Wakafundishwa na mengine: kaa mbali na maji, usipige kwenye upepo, usipige mvua ikinukia, toboa chupa tupu, mnyama asiguse majani mpaka siku zitimie. Wale sita waliyasikia kama watu wanavyosikia mahubiri; waliitikia vizuri, wakaenda zao. Bina Lweendo aliyabeba mpaka nyumbani, akayaweka pamoja na vitu vingine vya nyumba, na hakuna kilichowahi kupotea katika nyumba yake.

Hata hivyo mwaka wa pili alikosea.

Alipiga shamba lake mwenyewe baada ya mvua ya kwanza, kabla ya kupanda. Akatundika vitambaa vyekundu kwenye vijiti pembe zote nne ili wanyama wasiachiwe kuingia. Lakini Haanzala kila mtoto anajua hata kabla ya kujua kufunga kamba: mavuno yakitoka, shamba halina mwenyewe. Ni la kwato. Ng'ombe hawachungwi tena, wanakwenda watakako, mpaka siku mbegu itakapoingia udongoni. Siku hiyo ndipo kila mwenye ng'ombe anawashika wanyama wake. Kabla ya hapo kitambaa ni kitambaa tu, labda mtu amesahau nguo.

Ng'ombe wakaja mchana ule ule. Majani yalikuwa mabichi, mabichi ya kwanza baada ya miezi saba, na dawa ile ina kachumvi, na ng'ombe ni watumwa wa chumvi. Walikula upande mmoja wote. Siku ya tatu ng'ombe wa mzee Hamusonde, mwenye mimba, akalala karibu na visima vya bondeni na hakuinuka.

Wengine walisema ni dawa. Wengine wakasema ng'ombe mkondefu akishambulia majani mabichi tumbo hujaa upepo, na kufa si ajabu. Bina Lweendo hakungoja wamalize kubishana. Alikwenda zizini, akamfunga kamba mtamba wake mwenye paji jeupe, akampeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwa Hamusonde. Toka hapo hakupiga tena shamba ambalo halijapandwa. Ukimtaka aje, panda kwanza.

Hamusonde alikuwa mtani wake. Yeye wa ukoo wa fisi, Bina Lweendo wa ukoo wa mbuzi. Mtu wa nje akiwasikia angedhani watashikana mashati.

"Mbuzi gani huyu anayeua majani?" Hamusonde humwuliza njiani, kwa sauti ya kusikika mpaka zizini. "Wenzako wanakula, wewe unanyunyizia!"

"Nyamaza, fisi. Ng'ombe wangapi wamekufa ukalia? Wewe msiba wa zizi ndio karamu yako."

Lakini tangu kifo cha yule ng'ombe, mzaha huo alikuwa akiujibu macho yakiwa chini.

Ukaja mwaka wa mbavu. Mvua ilikawia mpaka Novemba ikaisha nusu. Ng'ombe walitembea kama ngozi zilizoanikwa juu ya vijiti. Hata mvua ya kwanza iliponyesha na nyasi kuchipua, maksai hawakuweza kuvuta plau. Ukiwafunga nira wanapiga magoti kama watu wa kanisani. Kwa wengi njia ilibaki moja: magugu yauawe kwa dawa, kisha watu wachimbe mashimo kwa jembe la mkono na kupanda humo. Na mbegu ya mahindi ilikuwa bado njiani. Ilisemekana itafika wiki ijayo. Ilisemekana hivyo kila wiki.

Simoonga, jirani yake, akaja kwa Bina Lweendo. Akachutama, akapiga makofi ya heshima, mkewe nyuma yake.

"Bina Lweendo, ghala langu unaliona kutoka hapa. Panya wamehama."

"Nimewaona wakipita."

"Nipigie sasa. Nikingoja mbegu ije ndipo niue magugu, nitapanda Januari. Mahindi ya Januari ni chakula cha kuku."

Bina Lweendo alilijua shamba lile. Juu yake mazizi, chini yake bonde lenye visima na bustani za wanawake. Njia ya ng'ombe kwenda majini ilipita katikati yake, imechimbika kama mfereji. Hakuna shamba baya la kupigia dawa kuliko hilo kijijini, si kwa maji, si kwa mboga, si kwa wanyama.

"Maji nitakaa mbali nayo hatua thelathini," alisema. "Kipande hicho mtapalilia kwa mkono. Mboga nitajua la kufanya. Ng'ombe ndio sina jibu lao."

"Tutalinda," mke wa Simoonga akasema.

"Wiki mbili? Watu wawili, na ng'ombe wa kijiji kizima wanaokwenda kunywa? Na mkimpiga fimbo ng'ombe wa mtu kwenye shamba lisilo na mbegu, mtashtakiwa ninyi."

Mke wa Simoonga akatazama chini. Hakulia. Bina Lweendo aliyaona mabega yake, jinsi mifupa ilivyotokeza kwenye gauni, akaingia ndani akatoka na kopo la unga.

"Chukua. Kesho naenda kwa mkuu."

Kwa mkuu wa kijiji, Siachitema, aliwakuta wazee wenye ng'ombe wamekwisha kaa uani, maana habari hailali njiani. Bina Lweendo alipiga makofi, akaketi chini kwenye mkeka wa wanawake, akasema alichokuja nacho: shamba la Simoonga lifungwe siku kumi na nne.

"Limepandwa?" mkuu akauliza.

"Bado."

"Basi nalifunga kwa nini? Sheria hii si yangu, mama. Niliikuta. Mpaka mbegu iingie udongoni, ardhi ni ya kwato."

Hamusonde akacheka. "Mnaona? Amemaliza nyasi, sasa anataka na sheria. Vijana wangu wote wako mjini migodini. Niache kiti changu, nikimbize ng'ombe na miguu hii, kwa sababu mbuzi anataka kunyunyiza?"

Watu wakacheka. Bina Lweendo hakucheka.

"Fisi, mwaka ule nilikuletea mtamba."

"Ulileta. Amezaa mara tatu. Usingemleta ningekusamehe, mtani wangu, lakini namshukuru Mungu hukujua hilo."

Wakacheka tena, safari hii na yeye. Kisha mkuu akainua mkono na uso wake ukawa mwingine.

"Sikiliza, Bina Lweendo. Kukupiga marufuku siwezi, watu wana njaa. Lakini wanyama waliobaki ndio hawa, na mwaka huu hakuna mwenye mtamba wa kufidia. Ukipiga, na mnyama mmoja akaanguka, bomba hilo utalitundika. Si mwaka huu tu. Haanzala haitapigwa dawa tena."

Yule mama alipiga tena makofi ya heshima. Halafu akauliza, kwa adabu, kama anayeuliza njia:

"Taata, baba yetu, sheria inasema mbegu iingie. Inasema ziingie ngapi?"

Wazee wakatazamana. Mmoja akakohoa.

"Haikuhesabu," mkuu akasema.

"Mstari mmoja kuzunguka shamba lote, ni mbegu si mbegu?"

"Mstari mmoja!" Hamusonde akaruka. "Huo ni ujanja wa mbuzi kupita chini ya uzio!"

"Mbegu ya nini?" mkuu akauliza. "Mahindi hayajafika."

"Mtama. Ninao juu ya meko, wa mavuno ya nyuma. Nitapanda mchana, mbele ya macho yenu. Atakayesema sikupanda aje kufukua."

Mkuu alijikuna ndevu muda mrefu. "Mtama ni mbegu," akasema mwishowe. "Mbegu ikiingia, imeingia. Lakini nililosema kuhusu bomba liko pale pale."

Nyumbani Bashi Lweendo alikuwa akikaza ngozi kwenye nira ambayo mwaka ule isingetumika. Mkewe alimweleza yote. Akasikiliza.

"Watauheshimu mstari?" Bina Lweendo akamwuliza. "Wataona udongo mtupu. Mtama utachukua siku nane, tisa, kuchomoza. Siku hizo hakuna cha kuona."

Bashi Lweendo alivuta ngozi kwa meno. "Hamusonde ndiye mwenye ng'ombe wengi," akasema. "Wengine humfuata."

Ndiyo yote aliyosema. Kwake yeye ilikuwa hotuba.

Kesho yake mchana walikuwa shambani kwa Simoonga: mwenye shamba na mkewe na majembe, mkuu na wazee wawili kivulini, Bina Lweendo na mtama kwenye kibuyu. Hamusonde alikuja kutazama, kama Bina Lweendo alivyojua atakuja. Hakuna mtani anayekosa kitu cha kuchekea.

"Fisi, njoo."

"Niko vizuri hapa."

"Mtani anakuomba kitu mbele za watu. Unakataa?"

Mtani hakatai. Alikuja akiburuta fimbo, akinung'unika. Bina Lweendo akamshika mkono, akakifungua kiganja, akamwagia mtama.

"Uanze wewe."

"Mimi? Shamba la Simoonga?"

"Panda. Au fisi hajui mbegu inaingia wapi, anajua mifupa tu?"

Wazee kivulini walikwisha kuangua kicheko. Hamusonde alitazama kiganja chake, akawatazama wao, akainama kwa shida ya magoti na kuangusha mbegu kwenye kishimo cha kwanza. Akafukia kwa kisigino. Akaangusha na katika cha pili. Alipofika cha kumi alikuwa ameitupa fimbo kando. Alipanda upande mzima wa juu, ule unaotazama mazizi, na Simoonga akienda mbele yake na jembe.

Jioni mstari ulikuwa umezunguka. Bina Lweendo aliufuata wote, akachomeka vijiti hatua mbili ndani yake: dawa isivuke hapo. Upande wa bonde alihesabu hatua thelathini kutoka kisima cha mwisho, akachomeka vingine.

Akarusha jivu. Likaenda bustanini.

Siku ya pili likaenda bustanini tena. Siku ya tatu hewa ilitulia lakini mawingu yalikuwa yamekaa magharibi kama wageni wasiotaka kuondoka, naye hakulitoa hata koti.

"Bina Lweendo, nyasi zinanifika magotini," Simoonga akasema.

"Nzuri. Zikiwa na majani ndipo dawa inashika."

"Na mvua hiyo haiji. Naijua mvua."

"Ikija kabla ya nyasi kuinywa dawa, itaisukuma mpaka kisimani. Mkeo anachota wapi?"

Simoonga akaenda kukaa mbali.

Siku ya nne asubuhi, umande ulipokwisha kukauka, jivu lilianguka juu ya buti zake. Akafunga vifungo. Maji alikuwa amechota jana yake, safi, kwa ndoo ambayo haikuwahi kugusa dawa, akaibeba mpaka juu ya shamba. Bomba lake halikuwahi kufika kisimani hata siku moja. Akavaa glavu. Akapima kwa kifuniko, akachanganya, akatikisa, akavaa.

Alitembea kama anavyotembea siku zote, hatua moja kwa pumzi moja, mkono wa kushoto ukisukuma, wa kulia ukishika mdomo wa bomba chini, karibu na magoti, ukungu usipate nafasi ya kuruka. Alipokaribia bustani za wanawake, mke wa Simoonga alitembea upande wa nje na turubai akiliinua kama pazia, hatua kwa hatua pamoja naye. Kwenye vijiti vya bonde aligeuka. Kila bomba jipya, jivu tena. Bomba la sita jivu likaegemea kidogo upande. Akashusha, akaketi, akasubiri mpaka likasimama.

Alipomaliza alisuuza bomba mara tatu, na maji yote ya kusuuza akayanyunyiza kwenye shamba lile lile, juu, mbali na bonde. Chupa tupu akazitoboa kwa msumari, maana alijua kijijini kwake chupa nzuri haitupwi. Kesho ungeikuta imejaa togwa. Nguo za kazi akazifua mbali na nyingine, kwenye beseni lake, akaoga, ndipo akala ugali wake na mtindi.

Kuanzia hapo akawa anakaa kwenye pembe ya juu ya shamba kutwa nzima. Akiamka asubuhi anakwenda. Mumewe akimletea chakula anakula hapo. Siku ya kwanza na ya pili na ya tatu ng'ombe walipita kwenye njia mpya ukingoni, wenye mifugo wakiwa nyuma yao na sura mbaya. Nyasi zilianza kugeuka njano. Mstari wa mtama ulikuwa udongo tu.

Siku ya nne jua lilikuwa kali mno. Kundi la Mweene, jirani wa kijiji cha pili aliyehamia na wanyama wake kutafuta maji, likatokea mazizini likikimbia kiu. Mweene mwenyewe alikuwa mbali nyuma, anatembea na kusogoa na mwenzake. Maksai mwekundu akaongoza moja kwa moja kwenye njia ya zamani, katikati ya shamba.

Bina Lweendo alisimama, akapunga koti, akapiga kelele. Ng'ombe thelathini na mwanamke mmoja. Wa kwanza akamkwepa. Bina Lweendo akashika pembe za wa pili, akaburutwa.

Ndipo akasikia sauti nyuma yake, sauti ya mzee yenye matusi ambayo hayaandikiki.

"Rudi! Rudi, we mchawi mwekundu! Hii imepandwa! Imepandwa!"

Hamusonde alikuja mbio na miguu yake ile mibaya, fimbo juu. Akamchapa maksai kwenye pua, akajitupa kwenye njia akiwa amepanua mikono. Kundi likasita. Likageuka, likafuata ukingo. Maksai mwekundu peke yake alikuwa amenyakua fungu moja mdomoni. Bina Lweendo akaingiza mkono na glavu yake, akalitoa lote.

Mweene alifika akihema. "Mzee, shamba hili liko wazi! Sioni mmea hata mmoja!"

"Huoni kwa sababu ulikuwa unapiga soga! Hapa," Hamusonde akachoma fimbo ardhini, "hapa kuna mbegu yangu. Niliitia kwa mkono huu. Kwato ikiukanyaga mstari huu nitakushtaki mpaka kwa chifu!"

Mweene akamtazama Bina Lweendo, kama anayeuliza mzee huyu ana akili timamu. Akaomba radhi, akawafuata ng'ombe wake.

Hamusonde aliketi chini, akishika mbavu.

"Ulijua nitafanya hivi," akasema hatimaye.

"Sikujua. Niliomba."

"Mbuzi mbaya sana wewe."

"Kunywa maji, fisi. Usinifie hapa, watasema ni dawa."

Siku ya sita mtama ulichomoza, kijani chembamba kuzunguka nyasi zilizokuwa zinakufa. Maksai mwekundu hakuugua, wala mnyama mwingine yeyote. Siku ya kumi na nne Bina Lweendo alirudisha koti nyumbani. Mbegu ya mahindi ilipofika, mashimo ya Simoonga yalikuwa tayari, akapanda kabla ya Krismasi. Bomba halikutundikwa. Mwaka uliofuata mashamba manne yalizungushwa mtama kabla ya dawa, na mkuu mwenyewe ndiye aliyekuwa akitangaza: mstari wa Bina Lweendo umeingia, shikeni wanyama wenu.

Alipiga dawa miaka saba mingine. Alikufa mwezi wa Agosti, kwa homa ya siku nne, kiangazi, kazi haijaanza.

Siku ya kumzika kulikuwa na upepo tangu asubuhi. Watu walisimama kaburini, vitenge vikipepea, mchungaji akishikilia karatasi zake. Hamusonde akajipenyeza mbele. Kiunoni alikuwa amefunga kopo la maziwa. Mtani akienda msibani huchukua atakacho. Akachota kwa vidole vitatu, akarusha. Jivu likawapiga wachimba kaburi usoni.

"Upepo upo," akasema. "Hawezi kwenda. Ketini chini nyote."

Watu wakacheka, wakalia, na wakaketi kweli. Waliketi mpaka alasiri. Hakuna aliyemharakisha, hata mchungaji. Upepo ulipokatika, Hamusonde akarusha tena, jivu likamwangukia viatuni.

"Haya. Sasa."

Wakamshusha.

Novemba ile, baada ya mvua ya kwanza, Bashi Lweendo alishusha mtama wa juu ya meko, akaenda nao shambani kwa Simoonga. Jembe alilishika kwa mkono wa kushoto. Alianza upande wa juu, unaotazama mazizi, na kufikia jioni alikuwa amezunguka shamba lote.